Dirisha la Tisa

Halmashauri imenituma nipime nyumba,
futi kamba mkononi, penseli sikioni,
na ukungu wa Juni umeingia kabla yangu
bila hodi.

Ukiitokea kwa mbele, miwati inapoishia,
inakukabili kama mtu aliyekaa kupigwa picha:
mlango katikati, ngazi tatu za mawe,
madirisha mawili huku, mawili kule,
juu yake matano, yamepangwa kama vifungo vya koti,
dohani kushoto, dohani kulia.
Ungeikunja kama karatasi, nusu ingelala juu ya nusu
wala pasizidi hata unywele.

Kwao, nasikia, nyumba ni heshima ikiwa na mizani.
Basi wakaibeba mizani hiyo hadi Mufindi,
kwenye vilima ambavyo hakuna kimoja
kilicholingana na mwenzake.
Paa wakaliinamisha sana, lisubiri theluji.
Theluji haijaja. Yamekuja manyunyu,
na vigae vimeota kuvu.

Nikaingia. Sebule, mita tano na nusu.
Mtambaapanya mzima, kenchi nzima,
mchwa wa huku baridi inawavunja moyo.
Nikahesabu madirisha kwa ndani.
Manane.
Nikatoka. Tisa.
Nikarudi. Manane.
Mlinzi, kijana wa kina Chaula,
akaniuliza kama nimepitia kwenye ulanzi.

La tisa liko juu, pembe ya magharibi.
Lina kizingiti, lina miimo, lina tao la matofali,
lakini ndani ya tao ni ukuta
uliopakwa lami, na juu ya lami
mtu amechora kwa chokaa vioo kumi na viwili.
Dirisha la kuonwa. Lenyewe halioni.

Katika daftari la malipo, mende wamebakiza nusu:
*Yeriko Tweve, mwashi. Dirisha la uongo, moja. Shilingi mbili.*
Yale manane alilipwa tano tano.

Nikapanda ngazi ya nyuma, ile ya watumishi,
nyembamba kama koo la kibuyu,
na hapo, nyuma ya vioo vya chokaa,
nikasimama gizani
kwenye kidato cha kumi na moja.

Kidato hicho nakijua kwa kusimuliwa.
Hapo ndipo alipoanguka shangazi Wilfrida Kihongosi,
saa kumi na moja alfajiri, na ndoo ya maji ya moto
ya kuogea bwana.
Mkono wake wa kushoto hadi leo unang'aa
kama karatasi ya sigara iliyolowa.

Nikampigia simu. Mtandao ulishika bafuni tu.
Dirisha? akasema. Pale hapakuwa na dirisha.
Lipo, shangazi. Kwa nje.
Akanyamaza. Nikasikia kuni zikipasuka kwake.
Mbele ya nyumba ile sijawahi kusimama, akasema.
Njia yangu ilikuwa ya kuku na mkaa.

Nikashusha timazi.
Tao la Tweve ni tao la kweli:
lami ni uongo, chokaa ni uongo, tao linabeba.
Angeweza kupanga matofali tu, nani angejua,
kwa shilingi mbili.
Toa ukuta ule leo, tofali kwa tofali,
paa halitashtuka.
Sijui aliwaza nini. Labda hakuwaza;
labda mkono wake haukujua kujenga vingine.

Nyumba itakuwa bweni la wasichana, wanaingia Januari.
Nimeandika: *Dirisha la tisa lifunguliwe.*
Nikamsomea shangazi, nikingoja sauti yake ipande.
Taa mnazo siku hizi, akasema.
Wekeni mkono wa ngazi.

Nimeandika na hilo.
Mbao ya msindano, mita sita na robo,
upande wa kushoto unapopanda,
isuguliwe msasa.